Kirikuu DA63T inanuka petroli na kunywa mafuta kupita kiasi: nipime nini kabla ya kununua nozo?

#1 MzigoTegeta

Wakuu salaam. Gari ni Suzuki Carry DA63T ya 2008, injini K6A, gia za mkono. Kazi yake ni mizigo ya duka, Tegeta hadi Kariakoo na kurudi. Zamani ilikuwa inakwenda kilomita 13 hadi 14 kwa lita, sasa haivuki 8.

Dalili: eksozi inanuka petroli mbichi, ukisimama nyuma macho yanawasha. Ukikanyaga ghafla inatoa moshi mweusi kidogo. Plagi zote tatu zina masizi makavu meusi. Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga gesi) iko juu, 1,100 na zaidi hata ikishatembea. Nguvu ipo, haimisi. Taa ya injini haiwaki.

Vilivyobadilishwa: plagi, ea klina, filta ya petroli. Masega ya eksozi (ya kusafisha moshi) yalishatolewa zamani. Fundi anataka tuweke nozo tatu (za kupulizia petroli kwenye injini) na pampu ya mafuta. Kabla sijatoa hela naomba mawazo.

#2 Mzee wa Spana

Nozo na pampu ziache kwanza. Pampu iliyochoka hupunguza mafuta, haizidishi, kwa hiyo anayekuuzia pampu kwa gari inayonuka petroli hajakaa akafikiri. Nozo inaweza kuvuja, sawa, lakini ni mara chache sana tatu zivuje wakati mmoja na kwa kiasi kilekile. Plagi zako zimefanana zote, maana yake kosa liko pale silinda zote zinapopokea amri moja. Ingekuwa moja nyeusi na mbili za kahawia ningekwenda moja kwa moja kwenye nozo au koili ya silinda hiyo.

Ila hakikisha umezisoma plagi vizuri. Gari ikisimama kwenye foleni muda mrefu plagi za gari nzima nazo hupata weusi. Tembea barabara tupu kilomita kumi hivi, gia ya nne, zima injini papo hapo bila kuiacha iungurume, ndipo uzitoe.

Baada ya hapo swali ni moja tu: kompyuta inajua kwamba mafuta yamezidi, au haijui? Majibu ni matatu na kila moja lina njia yake.

Kwanza, inajua na inahangaika kupunguza. Kwenye mashine utaona trimu ya mafuta (asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza) iko hasi sana, kutoa 15 au 20. Hapo mafuta yanaingia kwa mlango ambao kompyuta haikuufungua: nozo inadondosha, presha iko juu, valvu ya mvuke wa tanki imebaki wazi, au oili imejaa petroli na mvuke wake unavutwa kupitia PCV (njia ya kurudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi).

Pili, inadhani hewa imezidi, kwa hiyo inaongeza. Trimu iko chanya, 15 kwenda juu, huku plagi ni nyeusi. Hapo kompyuta imedanganywa, na mdanganyifu mara nyingi ni oksijeni sensa (inayopima oksijeni kwenye moshi wa eksozi) au tundu kwenye eksozi.

Tatu, haisikilizi kabisa. Lupu iko wazi (kompyuta haifuati oksijeni sensa), trimu zimekaa sifuri, inamwaga mafuta kwa jedwali la injini baridi. Themostati, sensa ya joto la maji, au hita ya oksijeni sensa.

Tuletee namba, tutakwambia uko chumba kipi. Bila namba hapa tutapiga ramli.

#3 NozoNaUmeme

Naongezea kwa Mzee. Kwanza hiyo taa: ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini inawaka? Kama haiwaki, balbu imetolewa au imeungua, na "taa haiwaki" yako haina maana yoyote. Wauzaji wengine huitoa kabla ya kuuza.

Pili mashine. Vile vidude vya bluu vya kuunganisha na simu mara nyingi havisomi Suzuki za soko la ndani la Japani, hata kama soketi ya pini 16 inaingia vizuri. Tafuta mtu mwenye mashine inayosoma Suzuki za Japani. Usikubali akusomee kodi (namba za makosa) peke yake halafu afute. Mwambie afungue data hai, injini ikiwa imetembea angalau nusu saa, uandike haya:

- joto la maji
- lupu: wazi au imefungwa
- trimu fupi na trimu ndefu, sailensi na kwenye 2,500
- volti za oksijeni sensa, zinacheza au zimeganda
- MAP (sensa ya presha ya manifoldi), swichi imewashwa injini imezimwa, halafu kwenye sailensi
- joto la hewa inayoingia

Ukikosa mashine kabisa, multimita inatosha kwa sehemu kubwa. Sensa ya joto la maji yenye nyaya mbili, chomoa soketi upime ohm: nyuzi 20 isome karibu kilo-ohm 2.4, nyuzi 40 karibu 1.15, nyuzi 80 karibu 0.32. Asubuhi ya Dar, injini imelala usiku kucha, utegemee kati ya 1.6 na 1.8. Ikikupa kilo-ohm 5 kwenye joto la Dar, inaiambia kompyuta kuna barafu, na kompyuta itamwaga mafuta kama iko Sapporo, kwenye theluji ya Japani.

#4 Makanika_Nakuru

Boss, jambo moja ambalo watu huchanganya kwenye haka kagari. K6A haipimi hewa kwa sensa ya waya kwenye bomba la ea klina kama Toyota nyingi. Inatumia MAP, yaani inapima presha ndani ya manifoldi, inachanganya na mzunguko wa injini na joto la hewa, halafu inakadiria hewa iliyoingia. Kwa hivyo:

Ea klina chafu haiwezi kuzidisha mafuta. Ikiziba, presha ya manifoldi inashuka na kompyuta inapunguza mafuta kulingana. Utapoteza nguvu, utakanyaga zaidi, lakini plagi hazitakuwa nyeusi. Hiyo ya "badilisha ea klina" ni ya enzi za kabureta.

Mpira wa vikuumu uliotoboka nyuma ya throto, kwenye gari ya waya ya moto, hupunguza uzito wa mchanganyiko. Kwa hii yenu hewa ya ziada inapandisha MAP, kompyuta inaongeza mafuta, matokeo ni sailensi kupanda na petroli kuisha. Angalia mpira wa servo ya breki na wa PCV.

Na MAP ikisoma juu kuliko ukweli, mafuta yanazidi hata kama sensa zingine zote ni mpya. Swichi imewashwa, injini imezimwa, pale pwani inafaa isome karibu kPa 100. Huku Nakuru ni kama 81 hadi 82 na iko sawa kabisa, ni urefu wa mahali. Kwenye sailensi, injini moto, vitu vyote vya umeme vimezimwa, 30 hadi 40. Ukiona 50 na zaidi usikimbilie kubadilisha sensa. Chukua geji ya vikuumu upime manifoldi yenyewe. Geji ikikubaliana na sensa, basi injini kweli haivuti: cheni ya taimingi imelegea na kuruka jino, au valvu zimebana.

#5 MzigoTegeta

Asanteni sana. Taa inawaka swichi ikifunguliwa na inazima injini ikiwaka, kwa hiyo balbu ni nzima. Nimepata mtu wa mashine, gari imetoka Kariakoo moja kwa moja hadi kwake:

Kodi: hakuna
Joto la maji: 61, likipanda sana 64
Lupu: wazi
Trimu fupi 0, trimu ndefu 0
Oksijeni sensa: 0.10 hadi 0.20, haichezi
MAP: 100 injini imezimwa, 36 sailensi
Joto la hewa: 41
Mzunguko: 1,150

Nimepima na ile ya ohm asubuhi, imetoa 1.68.

#6 Mzee wa Spana

Chumba cha tatu. Nyuzi 61 baada ya kutoka Kariakoo mchana wa Dar ni gari ambayo haina themostati, au iliyonayo imekwama wazi. Sensa yenyewe ni nzima, ile 1.68 yako inalingana na asubuhi ya nyuzi 29 au 30. MAP nzima. Kompyuta inaambiwa ukweli: injini ni baridi. Inafanya inachotakiwa kufanya, inaongeza mafuta na inapandisha sailensi ili injini ipate moto haraka. Ndiyo 1,150 yako hiyo, na ndiyo maana hakuna kodi.

Fungua bolti mbili za nyumba ya themostati, chungulia. Kama haimo, nunua iliyogongwa 82 au 88 kulingana na kitabu cha gari lako, namba iko kwenye chuma chenyewe. Kabla ya kuifunga ining'inize kwa waya kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Isigusane na kitako cha sufuria. Ianze kuachia karibu na namba iliyogongwa, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka milimita 8 hivi. Ikibaki na uwazi ikiwa baridi, mrudishie muuzaji.

Kale kavalvu kadogo kanakocheza pembeni kakae juu, ndiko hewa inakopitia. Gasketi mpya. Jaza kulanti taratibu, hita ya kabini iwe kwenye moto, injini iungurume mfuniko ukiwa wazi hadi povu liishe na feni iwake na kuzima.

#7 NozoNaUmeme

Mzee nakubaliana na themostati, ila kuna namba moja hapo inanikera. Plagi nyeusi tatu, eksozi inachoma macho, halafu oksijeni sensa inasema 0.10 hadi 0.20? Mafuta yakizidi sensa nzima inatakiwa ikae 0.8 hadi 0.9. Hiyo inasema hewa imejaa. Kwa sasa kompyuta haiisikilizi kwa sababu lupu iko wazi, kwa hiyo haileti madhara. Siku themostati ikiingia na lupu ikafungwa, kompyuta itaanza kumsikiliza huyo huyo. Mkuu weka themostati, lakini usifunge uzi.

#8 Bwana Rejeta

Jamani nchi ya joto hii, themostati ya nini? Mafundi wote wanazitoa na gari hazichemshi.

#9 Mzee wa Spana

Themostati haipo kwa ajili ya kuipasha gari moto kwenye theluji tu. Inashika injini kwenye joto moja, nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu, Dar au Ulaya. Kwenye joto hilo petroli inageuka mvuke vizuri na kompyuta inaacha kuongeza mafuta ya ubaridi. Bila themostati maji yanapita rejeta muda wote, injini ndogo kama hii ya cc 658 haiwezi kushindana nayo. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampu, ringi zinalika. Zinatolewa kwa sababu gari ilikuwa inachemsha kwa rejeta iliyoziba au feni isiyowaka, na kutoa themostati kunaficha ugonjwa kwa muda. Mkuu wa uzi, kama yako ilitolewa kwa sababu hiyo, basi ukiirudisha itachemsha tena. Kagua feni na rejeta kabla.

#10 Mwanjelwa

Naomba kuchomekea. Nina kirikuu ya kabureta, DD51T, injini F6A. Imetoka Dar kuja Mbeya, huku inatoa moshi mweusi na haina nguvu. Haya ya sensa kwangu hayapo.

#11 Makanika_Nakuru

Kwako ni hewa ya mlima. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Kabureta haina sensa ya kujua hivyo. Jeti ni ileile, kwa hivyo mchanganyiko unazidi uzito kwa asilimia 8 au 9. Ukipanda na gari iliyokuwa tayari na mafuta mengi kidogo, ndio moshi.

Kabla ya kugusa jeti: hakikisha choki inafunguka yote injini ikishapata moto, kichungulie kipepeo kiwe wima kabisa. Halafu usawa wa mafuta kwenye bakuli. Sindano ya floti ikilika kiungo chake, mafuta yanapanda na kufurika kupitia jeti. Chungulia kooni injini ikiwa kwenye sailensi, kama kuna matone yanaanguka, ni sindano au floti imeingia petroli ndani, itikise usikie. Kwako ea klina chafu inahesabika kweli. Vyote vikiwa sawa, shuka jeti kuu namba moja au mbili. Usiirudishe Dar bila kurudisha jeti ya zamani, itakosa mafuta na kuchoma valvu.

#12 MzigoTegeta

Ni kweli themostati haikuwamo, nyumba ilikuwa tupu. Feni inawaka yenyewe, rejeta imesafishwa. Imewekwa ya 82, imepimwa kwenye sufuria kwanza. Sailensi imeshuka hadi 850 na imetulia. Mashine tena:

Joto la maji: 86 hadi 89
Lupu: imefungwa
Sailensi: trimu fupi +8, ndefu +16
2,500: trimu fupi +3, ndefu +6
Oksijeni sensa: 0.10 hadi 0.25, ikicheza inacheza kidogo sana
MAP sailensi: 34

Ulaji umefika 9 na kidogo. Harufu ya petroli imepungua asubuhi lakini ikishapata moto inarudi. Plagi bado nyeusi.

#13 NozoNaUmeme

Ndilo nililokuwa naliogopa. Tumehama chumba cha tatu, tumeingia cha pili. Jumlisha trimu zako: sailensi +24, kwenye 2,500 ni +9. Kompyuta inaongeza robo nzima ya mafuta kwa sababu sensa inaiambia hewa imezidi, na plagi zinasema kinyume. Plagi haina sababu ya kusema uongo.

Kumbuka sensa hii haioni petroli, inaona oksijeni tu. Oksijeni ikiingia kwenye bomba kutoka nje, kwake ni sawa na injini kukosa mafuta. Silinda inayomisi pia huleta hali hiyo, kwa sababu hewa yake inatoka bila kuungua, ila umesema haimisi.

Na angalia tofauti ya sailensi na 2,500. Kwenye gari ya waya ya moto mpangilio huo ungenipeleka kwenye mpira wa vikuumu. Kwenye gari ya MAP unanipeleka kwenye eksozi. Moshi hautoki kwa mkondo mmoja, unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo presha kwenye bomba inashuka chini ya hewa ya nje. Tundu dogo linavuta hewa wakati huo. K6A ina silinda tatu, mapigo yako mbalimbali kuliko ya silinda nne, nafasi ya kuvuta ni ndefu zaidi. Mzunguko ukipanda mapigo yanakaribiana, mkondo unakuwa mkubwa, ile hewa ya tundu inakuwa kitu kidogo.

Sasa tenganisha sensa na tundu. Injini moto, multimita kwenye volti DC, waya mweusi bodi, mwekundu kwenye waya wa ishara wa sensa. Ingiza pini kwa nyuma ya soketi, usitoboe ngozi ya waya. Sensa nyingi za Denso zenye nyaya nne: mbili nyeusi ni hita, bluu ni ishara, nyeupe ni ardhi. Za NTK: mbili nyeupe ni hita, nyeusi ni ishara, kijivu ni ardhi. Hizo ni rangi za upande wa sensa, upande wa gari zinabadilika.

Mtu mmoja ashike 2,000, mwingine apulizie kabu klina (dawa ya kopo ya kusafishia kabureta) kidogo sana kwenye mdomo wa ea klina, mpulizo wa sekunde moja, mbali na cheche na kitu chochote chekundu kwa moto. Volti iruke hadi 0.8 au zaidi papo hapo. Halafu achia gesi ghafla, ishuke karibu na sifuri. Ikiruka haraka, sensa ni nzima, usiibadilishe. Ikipanda kwa uvivu au isipande, sensa imekufa au imezibwa na masizi.

Hita pia: pima kati ya zile nyaya mbili za rangi moja, iwe ohm chache hadi kumi na kitu. Ikisoma wazi kabisa, imekatika.

#14 Mzee wa Spana

Dada kamaliza. Mimi naongeza la tundu. Fanya injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu chuma kikipata moto kinavimba na nyufa nyingi hujifunga. Mtu azibe mdomo wa eksozi kwa tambara nene lililolowa, asikandamize hadi injini izime. Wewe uko chini na chupa ya maji ya sabuni, unapulizia kuanzia gasketi ya manifoldi, flenji, hadi sentimita 30 hivi baada ya sensa. Tundu la nyuma kabisa kwenye sailensa halituhusu, haliifikii sensa.

Na nauliza: masega yalipotolewa, kile kikombe cha kufungia oksijeni sensa kilikuwa cha kiwandani au kilichomelewa upya? Anza hapo.

#15 MzigoTegeta

Sensa imejibu. Kabu klina ilivyoingia imeruka 0.88 bila kuchelewa, ukiachia gesi inarudi 0.05. Hita ohm 13.

Sabuni imetoa povu mahali pawili. Kwenye kikombe cha sensa, ni cha kuchomelea kama Mzee alivyosema, mzunguko wa welding haujakamilika kwa nyuma ambako fundi hakuona. Na flenji ya kwanza, gasketi imeungua upande mmoja, kuna mstari wa masizi meusi unaotokea nje.

#16 Mzee wa Spana

Huo mstari wa masizi ni saini ya tundu. Sasa kazi:

Chomoa sensa kabla ya kuchomelea, spana 22, injini ya uvuguvugu ili nyuzi zising'oke. Nyuzi ni M18 kwa 1.5. Toa terminali hasi ya betri, na klipu ya ardhi ya mashine ya welding ifungwe kwenye bomba lenyewe, si kwenye chesisi. Kompyuta za gari nyingi zimeungua kwa uvivu huo. Ni vizuri bomba lishushwe chini kabisa ili azunguke kikombe chote, na pia asage welding ya zamani badala ya kuipaka juu, yenye masizi ndani haishiki.

Gasketi ya flenji mpya, sugua nyuso mbili ziwe tupu, usitumie silikoni. Silikoni ya kawaida ikipata moto hutoa mvuke unaoua oksijeni sensa, utakuwa umetibu tundu na kuua sensa nzima siku hiyohiyo.

Ukimaliza, futa kumbukumbu kwa mashine au toa fyuzi ya kompyuta kama dakika kumi. Usipofuta, trimu ndefu ya +16 itabaki na kushuka polepole. Na oili: chomoa stiki uinuse. Kwa muda ulioendesha bila themostati itakuwa imepanda juu ya alama na inanuka petroli. Imwage na filta yake kabla ya kupima ulaji, kwa sababu petroli iliyo ndani ya oili moto inageuka mvuke, inapanda PCV na kuingia manifoldi, na kompyuta itaonekana ina trimu hasi bila sababu.

#17 MzigoTegeta

Kikombe kimechomelewa upya, gasketi mpya, oili na filta. Oili ilikuwa juu ya alama kweli, nyepesi kama maji. Namba za sasa:

Joto 87, lupu imefungwa
Trimu fupi inacheza kati ya -3 na +4
Trimu ndefu +2 sailensi, +1 kwenye 2,500
Oksijeni sensa inacheza 0.1 hadi 0.85 haraka
Plagi zimeanza kuwa za kahawia

Harufu imekwisha. Ulaji ni 11.2. Bado haijafika 13. Nirudi kwenye nozo?

#18 Makanika_Nakuru

Hapana boss. Trimu ya +2 inamaanisha nozo, presha na sensa zote zinakubaliana. Mafuta yanayoingia ndiyo yanayotakiwa. Kilichobaki ni injini kuombwa kazi zaidi, au hesabu yako. Unapimaje hizo kilomita? Na tairi ni saizi gani?

#19 MzigoTegeta

Najaza hadi bomba likate, natembea, najaza tena palepale. Tairi ni 155/80R13, rimu zilikuja na gari.

#20 Makanika_Nakuru

Hapo kuna kitu. Tairi ya kiwanda ya Carry hii ni 145R12, kipenyo kama milimita 542. Yako ni 578 hivi. Kila mzunguko gari inaenda karibu asilimia 7 zaidi ya dashibodi inavyohesabu. Dashibodi ikisema 11.2, ukweli ni karibu 12. Thibitisha kwa GPS ya simu kwa safari ya kilomita 50.

Njia ya kujaza ni nzuri, ila usipime kwa lita tano. Bomba kukata mapema au kuchelewa kunaweza kukupa tofauti ya nusu lita, kwa lita 5 hiyo ni asilimia 10, kwa lita 25 ni 2 tu. Tumia pampu ileile, gari imesimama sehemu tambarare ileile.

Halafu inua gurudumu moja moja, gia huru, uzungushe kwa mkono baada ya safari. Linalogoma au drami inayochoma mkono kuliko zingine, breki inashika. Waya wa hendbreki ukikaza mno na silinda ya gurudumu ikiwa na kutu ndani, ndizo hula petroli kimyakimya bila kodi yoyote. Upepo fuata kibandiko cha mlangoni, na ukibeba mzigo nyuma inataka zaidi kuliko mbele.

#21 NozoNaUmeme

Na mzigo wenyewe. Kibandiko kinasema kilo 350. Hiyo ni mifuko saba ya saruji, na kirikuu za Dar nazijua, zinapakiwa ishirini. Tairi kubwa imekuongezea urefu wa gia, ukiwa na mzigo unakanyaga zaidi, kompyuta inaingia kwenye jedwali la nguvu na kuongeza mafuta kwa haki kabisa. Ukirudisha za inchi 12 utaipata tena sehemu ya hizo kilomita ukiwa Mwenge kwenye foleni.

#22 MzigoTegeta

Gurudumu la nyuma kushoto linagoma, drami ilikuwa ya moto. Silinda imefunguliwa, pistoni moja ilikuwa imeganda. Silinda mpya, hendbreki imelegezwa meno mawili. GPS imesema 53.6 dashibodi ikisema 50. Kwa hesabu ya GPS sasa inakwenda 12.8 na mzigo wa kawaida.

#23 Bwana Rejeta

Hiyo themostati ya 82 umenunua wapi mkuu, ya kwangu nayo haimo.

#24 MzigoTegeta

Kariakoo, maduka ya spea za Suzuki mtaa wa Gerezani. Nenda na namba ya chesisi, zipo zinazofanana kwa macho lakini kipenyo cha mpira ni tofauti. Na uibebe sufuria.